Ramani dhana bila maneno ya kuunganisha ni pambo la ukutani

UKIINGIA katika madarasa yetu huku Bondo, hukawii kuona karatasi ya manila imebandikwa ukutani. Katikati pana duara lenye neno NGELI. Kutoka hapo mistari imetawanyika kama miguu ya buibui, kila mmoja ukiishia kwenye kiduara: A-WA, KI-VI, LI-YA, U-I. Rangi zimepakwa zikapakika. Mwalimu atakwambia kwa fahari kwamba hiyo ni ramani dhana. Si ramani dhana hata kidogo.

Hebu tuanzie kwenye asili. Ramani dhana ilibuniwa mwaka 1972 na Joseph Novak na wenzake katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Walikuwa wakifuatilia jinsi uelewa wa watoto kuhusu sayansi unavyobadilika mwaka baada ya mwaka, na mahojiano yakawalemea. Wakatafuta njia ya kuona kwa haraka kile mtoto alichokielewa. Kumbe chombo hiki kilizaliwa ili kumsoma mwanafunzi! Sisi tumekigeuza kitu cha mwalimu kuchora, mwanafunzi akanakili.

Nadharia waliyoiegemea ni ya David Ausubel, aliyeshikilia kwamba mtu hujifunza kwa maana pale anapolifungamanisha jambo jipya na lile analolijua tayari. Asipolifungamanisha, amelikariri tu.

Kwa hiyo uti wa mgongo wa ramani si vile viduara, bali ni maneno yanayoandikwa juu ya mstari. Dhana mbili na maneno yanayoziunganisha hufanya kauli kamili, inayoweza kuwa kweli au uongo. Mstari mtupu hausemi lolote, basi hata kuusahihisha huwezi. Miguu ile ya buibui inakaribiana zaidi na ramani za mawazo alizozieneza Mwingereza Tony Buzan miaka ya 1970. Hizo nazo zina kazi yake, hasa mtu anapokusanya mawazo ya insha, ila tusiziuze kwa jina la nyingine.

Chukua neno kiboko. Mtoto aliyelelewa Usenge, ufuoni mwa Ziwa Victoria, anamjua mnyama huyo vizuri. Lakini Dholuo si lugha ya Kibantu, wala haina ngeli kama za Kiswahili. Mwenzake Mbukusu au Mkisii ana ngeli katika lugha ya mama. Huyu wa Usenge hana pa kuzitundika. Ukimwonyesha ule mchoro wa ukutani, atalitupa neno kiboko kwenye KI-VI kwa kuwa limeanza kwa ki-, na hakuna atakayemuuliza kwa nini.

Alichonacho ni dhana ya kiumbe hai. Ramani ya kweli ingeanzia hapo: kiboko (mnyama) – ni – kiumbe hai – ambacho huchukua upatanisho wa – A-WA. Pembeni yake: kiboko (mjeledi) – ni – kifaa – ambacho huchukua upatanisho wa – KI-VI. Sasa ‘kiboko amezama’ na ‘kiboko kimekatika’ zina sababu. Na akiandika kwamba kiboko yule mnyama ni wa KI-VI kwa sababu huanza kwa ki-, mwalimu ameona kosa lilipokaa: mtoto anatazama umbo la nomino peke yake. Wala si ujinga huo. Carl Meinhof mwenyewe alizipanga ngeli za Kibantu kwa viambishi vya nomino.

Utafiti wa nyumbani upo. Mwaka 2007 Keraro, Wachanga na Orora wa Chuo Kikuu cha Egerton walichapisha matokeo ya somo la Biolojia katika shule za upili za Wilaya ya Gucha. Wanafunzi waliotengeneza ramani kwa vikundi walikuwa na motisha ya juu kuliko waliofundishwa kwa njia ya kawaida. Motisha si alama, na Biolojia si Kiswahili. Nisiutwishe utafiti huo mzigo usio wake. Lakini angalia ni nani aliyeshika kalamu.

Najua malalamiko ya walimu: darasa lina watoto sitini, muda uko wapi? Wape vikundi swali moja na dhana nane, si thelathini. Kisha kila kikundi kiisome ramani yake kwa sauti, mstari kwa mstari. Mstari usiosomeka kama sentensi ufutwe, uandikwe upya. Hapo mwalimu wa Kiswahili amepata sarufi na mazungumzo kwa mpigo mmoja. Kwa ufupisho, wenye alama 15 katika karatasi ya pili ya KCSE, sijaona zoezi linaloushinda huu mtindo.

Ushairi ndiko nisikoipeleka. Ramani hupenda ngazi, dhana pana juu na finyu chini. Ukilichorea shairi ramani utabaki na maudhui mkononi, mizani na vina vimeanguka njiani.