Moto mmoja, kazi mbili: birika la moka na mashine ya espreso

Alfonso Bialetti alikuwa fundi wa alumini. Kazi hiyo aliijulia Ufaransa, kisha akarudi kwao Piemonte, kaskazini mwa Italia, na mwaka 1919 akafungua karakana yake Crusinallo. Mwaka 1933 likatoka humo birika la pembe nane ambalo baadaye dunia nzima ililijua kwa jina la Moka Express. Lilinadiwa kwa ahadi nzito: mtu atapata nyumbani kwake, juu ya jiko lake mwenyewe, espreso kama ya baa. Ahadi hiyo ina wabishi mpaka leo. Wenye mashine wanasema moka haijawahi kutoa espreso hata siku moja, na wenye moka wanawajibu kwamba wamezaliwa wakaikuta nyumbani ikiitwa hivyo. Ubishi huo hauamuliki mpaka kwanza ijulikane espreso ya baa mwaka 1933 ilikuwaje.

Ilikuwa kahawa ya mvuke. Angelo Moriondo wa Turin alipata hataza ya mashine ya namna hiyo mwaka 1884. Mwaka 1901 Luigi Bezzera wa Milano akasajili ya kwake, iliyoweza kupika kikombe kimoja kimoja mteja akiwa amesimama kaunta, na Desiderio Pavoni akainunua haki hiyo na kuanza kuziunda mashine kwa ajili ya soko. Zilikuwa na boila refu lililosimama wima, moto chini, maji ndani. Mvuke ukijaa juu ya maji unayasukuma yapite kwenye unga wa kahawa kwa shinikizo la bar 1.5 hivi, au 2 kwa taabu. Lakini mvuke wenye nguvu hiyo haupatikani mpaka maji ya boila yavuke nyuzi 120 za Selsiasi, na maji ya moto kiasi hicho yanaunguza kahawa. Mpishi akitaka nguvu, aongeze moto. Akiongeza moto, kikombe kinakuwa shubiri.

Kwa hiyo mwaka 1933 Bialetti hakuwa akidanganya watu. Birika lake lilifanya kazi kwa kanuni ileile ya mashine za baa, na kwa shinikizo lisiloachana sana na la mashine hizo. Pengine kahawa yake ilikuwa hata na ladha nzuri zaidi, kwa sababu moka ina upole ambao boila la Bezzera halikuwa nao.

Upole huo unatoka kwenye hewa. Chumba cha chini hutiwa maji mpaka chini kidogo ya vali ya usalama, kisha faneli yenye kahawa huingizwa na chumba cha juu kikakazwa. Juu ya maji inabaki nafasi ndogo ya hewa iliyonaswa. Jiko likiwaka, hewa hiyo inatanuka, mvuke kidogo unajiunga nayo, na maji yanakosa pa kwenda isipokuwa kupanda kwenye mrija wa faneli. Wengi hudhani maji hupanda kwa kuchemka. Sivyo: ukianza na maji baridi, matone ya kwanza yanaweza kutokea juu wakati maji ya chini yako kwenye nyuzi 70 na kitu. Mwaka 2007 Concetto Gianino alichapisha uchunguzi wa birika hili katika American Journal of Physics, akilieleza kwa kanuni ya Darcy, ileile ambayo wahandisi hutumia kukokotoa maji yanavyopenya kwenye mchanga. Kasi ya maji inategemea shinikizo lililo nyuma yake, unene wa tabaka la kahawa, na jinsi tabaka hilo linavyopitisha.

Ukiacha kifuniko wazi, kila kitu kinaonekana. Kwanza mnara wa katikati unalowa, kisha kahawa nyeusi, nzito, inaanza kuteremka ubavuni taratibu kama asali. Baada ya muda rangi inageuka kuwa ya hudhurungi, halafu ya manjano iliyopauka, na mwendo unaongezeka. Mwisho birika linakoroma na kutema matone: maji ya chini yamekwisha na sasa mvuke mtupu, uliopita nyuzi 100, unapita kwenye kahawa iliyokwisha toa chochote kizuri ilichokuwa nacho. Ule mkoromo ndio unaoharibu vikombe vingi vya moka. Anayejua kazi huepua mapema, rangi inapoanza kupauka, na kukiweka kitako cha birika chini ya bomba la maji baridi ili kila kitu kisimame papo hapo.

Huo ndio udhaifu wa moka, na hauponi kwa kubadilisha chapa. Moto uleule unaoyapa maji joto ndio unaoyapa nguvu ya kupanda. Hakuna namna ya kuongeza kimoja bila kugusa kingine. Hata kusaga hakuko huru: ukisaga laini zaidi, maji yanachelewa kupita, yakichelewa yanazidi kupata moto, na uchungu ulioukimbia unakukuta mbele. Ukisaga laini kama ya espreso na kuishindilia, maji yanaweza kukosa njia kabisa na vali ikaanza kufoka. Kahawa ya moka inataka kusagwa laini kuliko ya kichujio cha karatasi, lakini si kama poda, na ijazwe kwenye faneli bila kukandamizwa.

Historia ya espreso baada ya hapo ni historia ya kuzitenganisha kazi hizo mbili. Mwaka 1935 Francesco Illy alijaribu kusukuma maji kwa hewa iliyoshindiliwa badala ya mvuke. Aliyefaulu sokoni ni Achille Gaggia, mwenye baa Milano, aliyepata hataza yake ya kwanza mwaka 1938 na baada ya vita akatoka na mashine ya wenzo na springi. Barista anavuta wenzo, springi inajikunja, maji yanaingia kwenye silinda, kisha springi inapojikunjua inayasukuma kwa bar 8 hadi 10. Boila sasa lilibaki na jukumu la joto tu. Gaggia aliona fahari kuwatangazia wateja kwamba kahawa yake inapikwa bila mvuke. Juu ya kikombe likatokea povu la hudhurungi ambalo halikuwahi kuonekana, nalo akaliita krema.

Mwaka 1961 kampuni ya Faema ya Ernesto Valente ikamaliza safari hiyo kwa mashine ya E61. Nguvu ya mkono ikapokewa na pampu ya umeme iliyoyafikisha maji safi kwenye bar 9, na maji hayo yakapitishwa katika bomba lililozama ndani ya boila ili yapate moto njiani. Tangu hapo barista anaweza kushika joto kati ya nyuzi 90 na 96 na shinikizo kwenye bar 9, kisha akahangaika na jambo moja tu: usagaji. Gramu 18 za kahawa zikitoa gramu 36 za kinywaji katika sekunde 25 hadi 30, yuko sawa. Zikitoka kwa sekunde 15, asage laini zaidi. Zikifika 45, alegeze. Mwenye moka hana saa ya kumwambia hivyo.

Tofauti inaonekana pia ukipima kilichomo kikombeni. Katika espreso, vitu vilivyoyeyuka kutoka kwenye kahawa hufika asilimia 8 hadi 12 ya kinywaji. Katika moka ni takriban asilimia 3, na katika kahawa ya kichujio ni kama 1.3. Moka basi ina nguvu zaidi ya mara mbili ya kahawa ya kawaida, ila kwa espreso bado iko mbali. Wa Lamu, Mombasa na Unguja wana mfano wao wa pembeni: kahawa chungu ya dele, inayochemka juu ya mkaa pamoja na tangawizi. Pale hakuna shinikizo hata chembe. Kazi yote inafanywa na joto na muda, na machicha yanatua yenyewe chini. Mashine ya Gaggia ilinunua muda huo kwa shinikizo.

Jambo la kusikitisha katika habari ya Bialetti ni ratiba yake. Moka haikuenea sana kabla ya vita. Ni mwanawe Renato, baada ya kushika kiwanda, aliyeifikisha kwenye kila jiko la Italia kwa matangazo makubwa na katuni ya bwana mdogo mwenye masharubu. Aliipenda kazi hiyo kiasi kwamba alipofariki mwaka 2016 majivu yake yaliwekwa katika chombo chenye umbo la moka. Lakini ahadi ya espreso ya baa ilipata umaarufu wakati ambapo baa zenyewe zilikuwa zikihamia kwenye wenzo wa Gaggia. Espreso ilikuwa imesogea. Moka ikabaki ikipimwa kwa kipimo ambacho haikuundiwa.

Ikiachiliwa na kipimo hicho, moka ina mengi ya kumpa mpishi makini. Chukua swali la maji. Akitia maji yaliyokwisha chemshwa, hewa iliyonaswa ndani inakuwa tayari na joto na haina kutanuka kwingi kulikobaki, hivyo maji hayapandi mpaka yafike nyuzi za juu zaidi. Arabika iliyooshwa ya Kilimanjaro au Nyeri, ikikaangwa kidogo, ni ngumu kutoa utamu wake na inahitaji joto hilo. Buni zilizokaangwa mpaka zikawa nyeusi na kung'aa kwa mafuta hutaka kinyume chake: maji baridi na moto mdogo. Wanaobishana ipi ni njia sahihi mara nyingi wana kahawa tofauti mkononi.

Kuhusu krema, shinikizo ndilo linaloiamua. Kwenye bar 9 gesi ya kaboni dioksidi iliyobaki ndani ya buni baada ya kukaangwa inayeyuka kwenye maji, na kahawa inapotoka kwenye hewa ya kawaida gesi hiyo inafumka kuwa vipovu vidogo. Robusta hutoa povu nene kuliko arabika, na ndiyo maana michanganyiko mingi ya Italia huwa nayo. Uganda, yenye robusta nyingi, imekuwa na Italia miongoni mwa wanunuzi wake wakubwa. Bialetti wenyewe walijaribu kulifuata povu hilo kwa birika la Brikka, lenye vali yenye uzito juu ya mnara. Vali inaizuia kahawa mpaka shinikizo lipande, kisha inaiachia kwa mkupuo mmoja, na povu linatokea kweli. Halikai. Shinikizo liliongezeka kidogo tu, kwa kuwa lilitoka kwenye jiko lilelile lililokuwa likipasha maji.