Kumbukumbu ya Panya Buku

Wanaounda chipu za kuiga ubongo husifia uchache wa umeme: ubongo wa binadamu hutumia takriban wati 20 tu. Mimi navutiwa zaidi na jinsi unavyotunza kumbukumbu, na ushahidi niupendao uko Morogoro, chini ya Milima ya Uluguru, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Huko shirika la APOPO limekuwa likifundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini tangu mwaka 2000.

Mkufunzi huanza na mlio, tik, kisha kipande cha ndizi. Panya akishaelewa kuwa mlio ni chakula, huletewa harufu ya baruti. Akiitambua, tik, ndizi. Harufu nyingine hazina malipo. Kazi hii huchukua miezi, na inahitaji mtu mwenye subira na jicho kali. Donald Hebb wa Kanada alieleza mwaka 1949 kinachotokea kichwani: seli za neva zinazoamka pamoja huimarisha maungio yao. Kumbukumbu haiwekwi stoo. Hukaa palepale harufu inapopita, hivyo kukumbuka na kutambua huwa tendo moja. Kompyuta ya kawaida huhifadhi kumbukumbu kando na kukokotoa kando, na umeme mwingi huishia kwenye kusafirisha data kati ya pande hizo mbili.

Loihi, chipu ya Intel ya mwaka 2017, imeziunganisha pande hizo. Mwaka 2020 Nabil Imam na Thomas Cleland waliifundisha kutambua kemikali 10 kwa mfumo ulioiga sehemu ya ubongo inayopokea harufu. Chipu ilijifunza kila harufu kwa mfano mmoja, bila kufuta zilizotangulia. Huo ni ufundi wa kuheshimiwa sana.

Hata hivyo Magawa, panya wa APOPO aliyezaliwa Tanzania, aliibeba harufu ya baruti hadi Kambodia, kwenye udongo wa ugenini, akafichua mabomu ya ardhini na mabaki ya silaha zaidi ya 100.

Mazimbu, hukohuko Morogoro, ambako wakimbizi wa chama cha ANC cha Afrika Kusini walijenga shule kwa jina la Solomon Mahlangu, leo ni kampasi ya chuo hichohicho cha Sokoine, na vijana husomea infomatiki. Ningependa somo lao la kwanza kuhusu chipu hizi walipate kwa wakufunzi wa panya. Wamwone mtu anavyobofya papo hapo pua inapotulia, maana mlio ukichelewa, panya hujifunza jambo jingine. Ndani ya Loihi pia, muda mfupi kati ya ishara za seli mbili unaweza kuamua ungio lipi liimarike na lipi lidhoofike.