Ukizima 3G, simu itashukia wapi?

Chukua simujanja yako ikiwa kwenye 4G, piga *150*00#, halafu achana na menyu ya hela. Tazama kona ya juu ya kioo. Kwenye simu nyingi ile 4G hutoweka, ikaja H ya 3G au E ya 2G, ndipo menyu ifunguke. Ukishatuma hela, 4G inarudi. Simu yako ni nzima. Imeteremka tu kwenye mtandao wa zamani kufanya kazi ambayo ule mpya haukuandaliwa kuifanya, kisha ikapanda tena.

Kuteremka huko ndiko kulikowasumbua Waaustralia mwaka 2024.

2G na 3G zina njia maalumu ya sauti. 4G haina, ilibuniwa kubeba data tu. Ukitaka kuongea juu ya 4G, sauti lazima ikatwekatwe isafirishwe kama data, utaratibu ambao mafundi wanauita VoLTE, na mipangilio ya simu iwe imepatana na ya kampuni. Isipopatana, simu inashuka kwenye 3G au 2G kila unapopiga. Mwenyewe hana habari: anaona 4G, anatazama video, anapiga, anapokelewa.

Australia walianza kubomoa ngazi kutoka chini. Kampuni ya simu ya Telstra ilizima 2G Desemba 2016, na kufikia 2018 Optus na Vodafone nao walikuwa wameshaizima. 3G ikabaki ndiyo kipago cha mwisho cha kukanyaga. Ilipofika zamu yake, Vodafone ilitangulia. Telstra ilitangaza 30 Juni 2024, ikasogeza hadi 31 Agosti, ikasogeza tena hadi 28 Oktoba, sambamba na Optus.

Kilichowasogeza ni namba ya dharura, 000. Iligundulika kuna simu zinazopiga kwa VoLTE bila tatizo lolote, mama akampigia mwanawe, wakaongea vizuri, lakini ukipiga 000 kwenye simu hiyohiyo inateremka 3G kimyakimya. Mipangilio ya simu za dharura huandikwa peke yake ndani ya programu ya simu, na watengenezaji wengine waliiacha ilivyokuwa zamani. Mapema mwaka huo makadirio yalitaja simu zipatazo 740,000. Ubaya wa kasoro hii ni kwamba mtumiaji hawezi kuijaribu: nani anapiga namba ya dharura kwa majaribio? Ataijua siku nyumba inawaka moto.

Serikali ikachukua njia kali. Kampuni ziliamriwa zikatie huduma simu yoyote isiyoweza kufika 000, hata kama inafanya mengine yote. Mimi nawaunga mkono, ingawa najua mtu alilala na simu nzima akaamka nayo haina kazi. Simu iliyokufa utaitafutia mbadala. Inayokudanganya utaendelea kuitegemea.

Kuzitambua simu hizo kulitegemea IMEI, ile namba inayotokea ukibonyeza *#06#. Tarakimu nane za mwanzo hutaja aina ya simu. Mteja alituma "3" kwenda 3498, akajibiwa kama simu yake itaathirika. Watanzania tuliotuma IMEI kwenda 15090 mwaka 2016, kabla simu feki hazijazimwa, tunalijua zoezi hilo. Tofauti ni kwamba safari hii simu yenyewe ilikuwa halali kabisa, na simu mbili za aina moja, moja ya dukani Sydney na nyingine ya kutoka ng'ambo, zingeweza kuwa na programu tofauti. Orodha ya IMEI peke yake haioni hilo.

Ujerumani walipita njia nyingine. Telekom na Vodafone za huko zilizima 3G katikati ya mwaka 2021 na kuiacha 2G. Hesabu yake ni nyepesi: chaneli moja ya 2G inakula kilohezi 200 za masafa, ya 3G inakula megahezi 5, mara 25 zaidi. 2G unaweza kuibana pembeni ikaendelea kuishi. 3G ukiiondoa unapata nafasi ya maana kwa 4G na 5G. Simu isiyo na VoLTE inashukia 2G, inapiga, basi.

Kwetu 2G ndiyo inayobeba vitochi, na simu nyingi bado zinashuka huko au 3G kwa menyu za hela. Kampuni zikihitaji masafa, zianze na kipago cha kati. Atakayeumia ni yule mwenye simujanja ya zamani inayoishia 3G, pengine ya mkono wa pili: ataendelea kupiga na kutuma hela, ila WhatsApp yake itakuwa inatambaa kwenye E, picha moja dakika nzima. Huyo aambiwe mapema, tena kwa ujumbe unaotaja simu yake, maana kampuni inaiona IMEI yake kila siku. Tangazo la gazetini halimfikii.

Na kabla tarehe haijatajwa, mafundi wapite Kariakoo wanunue zile simu za bei rahisi zinazotoka kwa wingi, wazime 3G kwenye mnara mmoja wa majaribio, wapige namba ya dharura, 112, kwa kila moja.