Basi la Kifahari Likipauka: Rangi Mpya au Polishi?

Tajiri akiona basi lake la daraja la kifahari limepauka baada ya miaka ya kupiga njia ya Shinyanga, Kahama na Geita, hulipeleka kwa fundi rangi likapigwe upya lote. Mara nyingi hapo ndipo hasara inapoanza. Kabla msasa haujagusa bodi, ajue kwanza ni tabaka lipi lililokufa.

Viwanda vikubwa, Yutong cha China kikiwemo, huzamisha bodi nzima ya chuma ndani ya tangi la praima linalopitishwa umeme. Praima hiyo hupenya hadi ndani ya mihimili, mahali ambapo bunduki ya rangi haifiki, kisha huokwa kwenye joto kali, kwa kawaida nyuzi 160 hadi 180. Ndipo hufuata rangi, na juu kabisa klia, tabaka angavu lililo jembamba kuliko unywele. Basi lenye viti, nyaya na vioo halirudi tena tangini wala tanurini. Kwa hiyo kila mahali gereji inapokwangua hadi chuma kitupu, tajiri ametupa kinga ambayo hakuna fundi wa Kahama wala Katoro atakayemuuzia.

Osha basi, likauke, ulifute kwa kitambaa. Kwa rangi isiyo na klia, kitambaa kikitoka na unga wa rangi, jua limekula uso tu: polishi ya kukata, kisha waksi, vinatosha. Klia ikibanduka vipande vipande, jambo linaloanzia paani kwa sababu ya jua, polishi haisaidii kitu. Paneli hiyo ipigwe msasa hadi kwenye tabaka ambalo bado limeshika, isizidi hapo, halafu rangi na klia.

Kutu ni shauri lingine. Changarawe inayorushwa na matairi hutoboa rangi kwenye kingo za magurudumu na chini ya milango, na maji ya mvua hukaa ndani ya tope. Ukiona vipovu hapo, mara nyingi chuma kinaliwa kutoka upande wa pili. Kupaka puti juu yake ni kuficha tu. Kipande kikatwe, kichomelewe kipya. Pitisha sumaku pia: isiposhika, kuna puti nene, ingawa uso wa mbele na wa nyuma wa mabasi mengi ni faiba.

Fundi naye alindwe. Rangi nyingi za kuchanganya na hadina (dawa ya kugandisha rangi) zina isosianati, kemikali inayoweza kumwachia pumu ya kudumu, na barakoa ya kitambaa haiizuii. Tajiri anayelipa mamilioni ya rangi anunue na kifaa cha kupumulia.

Kwa basi lililopauka paa huku ubavu ukiwa imara, mimi ningepiga rangi paa peke yake, nyeupe, ipunguze joto la abiria, ubavu nikaung'arisha. Akitaka kugeuza rangi ya basi zima, kadi ya gari nayo ibadilishwe TRA, kwani rangi imeandikwa humo.