Nguzo ya Kona

Ng'ombe aliyekwisha kuona miwa ya jirani hatishwi na miba ya seng'enge peke yake. Ngozi yake ni nene na shingo ina nguvu. Akikuta waya umelegea atapitisha kichwa, kisha bega, na kabla ya jua kutua majirani wameitana kwa mzee wa kijiji kuzungumzia fidia. Kinachomzuia ni mkazo. Seng'enge iliyovutwa sawasawa haimpi nafasi ya kusukuma, na hapo ndipo mwiba unapomfikia.

Huku Navakholo, magharibi mwa Kenya, miwa imesogea hadi milangoni mwa watu, malisho yamebaki vipande, na ng'ombe wengi hushinda wamefungwa kamba kando ya njia. Anayefaulu kuzungushia kipande chake seng'enge amempa mnyama wake uhuru wa kuchagua nyasi na kivuli. Ndiyo maana napenda kumtazama fundi anayeijua kazi hii.

Haanzi na bunda la waya. Huanza na kona. Shimo lake hukaribia mita moja kwenda chini, jembamba, likichimbwa kwa mtaimbo. Nguzo huwa ya mkaratusi uliotiwa dawa, au ya mti wa lusiola, ambao mchwa hawauwezi kwa urahisi. Asiyemudu dawa hupaka kitako cha nguzo oili chafu ya injini. Kisha huja kushindilia, na hapa ndipo subira ya mtu hujulikana. Udongo hurudishwa kidogo kidogo, kila tabaka likipondwa kwa kitako cha mtaimbo mpaka mlio wake uwe mkavu. Ukishindilia juu tu, nguzo itacheza mvua za Aprili zikikolea.

Nguzo hiyo huvutwa na nyaya nne au tano mchana na usiku, kwa hiyo huegemezewa gogo la mshazari upande ule unakoelekea waya, mguu wake ukikalia jiwe bapa. Gogo likisimama wima mno, mvuto wa waya hulifanya wenzo, na nguzo hung'oka shimoni taratibu. Fundi mzuri hulilaza vya kutosha. Mpita njia hataliona hilo kamwe, nami naliona kuwa ndiyo kazi yenyewe.

Tukija kwenye waya wenyewe, Joseph Glidden, mkulima wa DeKalb, Illinois, alipata hataza mwaka 1874 kwa kusokota nyaya mbili pamoja ili mwiba ukae mahali pake usiteleze. Waya wa leo bado ni ule ule. Lakini chuma hutanuka: mita 100 hurefuka karibu sentimita 2 joto likipanda nyuzi 15. Ukikazwa saa saba mchana mpaka mwisho, alfajiri utakuwa unaivuta kona kupita kiasi. Kwa hiyo fundi huupiga waya kwa kidole, akasikiliza, akaongeza kidogo, akasikiliza tena.

Misumari ya U nayo ina adabu yake. Hupigwa kwa kulazwa kidogo, miguu yake miwili isiingie kwenye mshipa mmoja wa mti, la sivyo nguzo hupasuka. Wala haizamishwi yote. Huachwa uwazi ili waya uweze kuteleza, na ng'ombe akijitupa pale katikati mshtuko husambaa hadi kwenye kona. Waya hupigiliwa upande wa ndani, waliko ng'ombe, ili uzito wao uegemee nguzo badala ya kung'oa misumari.



Waya ukishafungwa, fundi hurudi nyuma kona hadi kona, ameinama, akiokota kila kipande alichokikata kwa plaiazi. Ng'ombe hachambui anachomeza. Kipande kifupi kama kidole, kikishuka tumboni pamoja na nyasi, chaweza kutoboa na kufika kwenye moyo.