Dungu Huanza na Upepo

Mkulima wa mpunga katika bonde la Rufiji hukaa dunguni ili aonekane na asikike. Hupiga kelele, hutikisa kamba, ndege na nguruwe wajue kuwa shamba lina mwenyewe. Mwindaji wa kulungu wa kusini-magharibi mwa jimbo la Wisconsin, Marekani, hupanda dungu lake kwa nia iliyo kinyume kabisa: anataka msitu usijue kuwa yupo. Kazi nzima ya kulichagua na kulisimika ni kazi ya kujifuta, na kila hatua yake ina ufundi unaostahili kutazamwa kwa makini.

Kulungu anayewindwa huko ni yule wa mkia mweupe. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, hivyo huona karibu pande zote bila kugeuka. Rangi ya chungwa inayong'aa, ambayo mwindaji wa bunduki huivaa ili kutimiza sheria, haimshtui, lakini mkono ukitikisika kidogo tu ameshauona. Zaidi ya macho hayo ana pua, na pua ndiyo ngao yake kuu. Kwa hiyo fundi hodari hatafuti mti kwanza. Hutafuta kwanza upepo.

Na upepo wa huko si mmoja. Nchi hiyo ina vilima vikali na mabonde membamba, kwa kuwa barafu kuu za kale zilizosawazisha maeneo jirani hazikuipitia. Juu ya migongo ya vilima hupita upepo wa majira, ambao baridi ikishaingia hutoka mara nyingi kaskazini-magharibi. Chini yake hewa ina mwendo wake mwingine: asubuhi jua likipasha mteremko, hewa hupanda, jioni kukipoa, huteremka na kujikusanya bondeni. Ili kuusoma mwendo huo, wawindaji wengi hubeba usufi wa mbegu za mmea uitwao milkweed. Huachia unyoya mmoja na kuufuata kwa macho unavyoelea, unavyosita kwenye kona ya kilima, pengine unavyogeuka na kuwarudia. Ukiwarudia, mahali hapo hapafai, hata kama ardhi imejaa nyayo. Ndiyo sababu dungu la asubuhi huwekwa juu ya njia ya kulungu, harufu ipande na kwenda zake. La jioni huwekwa chini ya njia hiyo, ili hewa inayoteremka iichukue harufu upande wasikopita.

Baada ya upepo huja njia ya mwindaji mwenyewe. Mchana kulungu hulala vichakani kwenye miteremko. Jioni hushuka kula mahindi, soya au kokwa za mialoni. Dungu lililo kati ya malalo na malisho huonekana limepata mahali pake, lakini kama halifikiki alfajiri bila kukatiza malishoni walipo, halina faida. Wapo wanaotembea ndani ya kijito ili wasiache harufu. Wapo wanaofagia majani makavu njiani kabla ya msimu, ili hatua zao zisisikike. Njia ya kutokea nayo hupimwa vivyo hivyo.

Ndipo mti unapochaguliwa. Mwaloni hupendwa kwa kuwa mara nyingi hushikilia majani yake makavu hata Novemba, wakati miti ya maple imeshabaki mifupa mitupu. Mti wenye vigogo viwili au vitatu ni bora zaidi, kwa sababu umbo la mtu humezwa humo. Mti wa ash siku hizi huepukwa: mdudu aliyegunduliwa Marekani kwa mara ya kwanza karibu na Detroit mwaka 2002, na kuonekana Wisconsin mwaka 2008, ameua miti hiyo kwa wingi, na mti wa ash uliokufa huvunjika bila kuonya. Kimo cha kawaida ni mita 5 au 6. Anayepanda juu zaidi hujificha vizuri, lakini akitumia upinde mshale wake hushuka wima mno na nafasi ya kumuua mnyama haraka hupungua.

Aina ya dungu hufuata mti na mtu. La kupandia huhitaji kigogo kilichonyooka, kisicho na matawi. La kuning'inizwa kwa mikanda hufaa mti uliopinda. La ngazi, au kibanda juu ya nguzo, huwafaa wazee na watoto. Pasipo na mti unaofaa, maficho ya turubai husimikwa ardhini wiki kadhaa mapema, yakafunikwa matawi ya hapo hapo hadi kulungu wayazoee. Madirisha ya nyuma hufungwa, na mwindaji wa upinde aliye ndani huvaa nyeusi, kwani mwanga ukiingia nyuma yake humchora waziwazi.

Navutiwa zaidi na uangalifu ambao mnyama hahusiki nao. Mikanda ya dungu hukaguliwa kila mwaka, maana jua huidhoofisha na mti unaokua huikaza. Mwindaji hujifunga mkanda wa mapaja, kiuno na mabega akiwa bado ardhini, kisha hupanda akishikamana na kamba yenye fundo linalosogea likisukumwa na kukaza likivutwa ghafla. Bunduki hubaki chini, bila risasi, na huvutwa kwa kamba baada ya yeye kutulia.

Mwindaji aliyekomaa hutayarisha madungu kadhaa kwenye kilima kimoja, kila moja kwa upepo wake. Siku upepo usipokubaliana na hata moja, habahatishi, hubaki nyumbani. Uamuzi huo haumletei nyama, na hakuna anayeuona, lakini hapo ndipo ninapompimia ufundi wake. Amejifunza mahali kiasi cha kujua ni lini mahali hapamtaki, na akakubali.