Kanisa Lililoanza na Paa

Mtu aliyekulia Singida hadharau jiwe. Matale yamejitokeza kila mahali, kuanzia ufukwe wa Ziwa Singidani hadi nyuma ya nyumba za watu, na wanaogonga kokoto wanajua kwamba kila jiwe lina mshipa wake. Ukiupata, jiwe linaachia. Ukiukosa, unachoka bure. Likishapasuka vibaya, basi tena. Ndiyo maana nadhani watu wa huku wanaweza kuyaelewa makanisa ya Lalibela kuliko watalii wengi.

Yako 11, katika milima ya kaskazini mwa Ethiopia. Jadi inayahusisha na Mfalme Lalibela wa ukoo wa Zagwe, aliyetawala mwishoni mwa karne ya 12 na mwanzoni mwa karne ya 13. Nyakati hizo vijiji vingi vya Ulaya vilikuwa na makanisa ya mtindo wa Romanesque, yenye kuta nene na matao ya nusu duara, yaliyojengwa jiwe juu ya jiwe. Mafundi wa Lalibela hawakujenga, walipunguza. Kanisa la Bete Giyorgis lilipatikana kwa kuchimba handaki kuzunguka bonge la mwamba, kisha kulichonga bonge hilo kutoka juu kwenda chini, karibu mita 12, na kulitoboa ndani.

Hebu fikiria maana yake kwa fundi. Paa ndilo linaloanza, msingi unakuja mwisho. Nguzo haisimamishwi, inaachwa. Mwashi akipindisha ukuta huubomoa na kuanza upya, lakini hapa tindo ikizidi kipande kimoja, kasoro inabaki kwa karne nyingi. Kwa hiyo kabla ya pigo la kwanza, lazima mtu awe amelibeba kanisa zima kichwani, na madirisha yake.

Madirisha hayo ndiyo yanayonishika zaidi. Kwenye pembe za baadhi yake vimeachwa vijiti vya mawe vilivyochomoza, mfano wa ncha za boriti. Boriti hazimo. Ni ukumbusho wa majengo ya ufalme wa kale wa Aksum, yaliyochanganya mbao na mawe. Kanisa jingine, Bete Amanuel, nalo limechongwa kuta zake kwa mistari ya kuingia na kutoka, kama ukuta wa Aksum. Mchonga mawe alikuwa anamheshimu seremala aliyemtangulia.

Mwamba wa Lalibela ni wa volkano, laini kuliko matale yetu. Ulaini huo uliirahisisha kazi, na ndio unaoyaumiza makanisa, kwa sababu mvua huula. Mafundi walilijua hilo: waliyapa mapaa mteremko na kuchonga mifereji ya kutolea maji. Hata hivyo, mwaka 2008 makanisa kadhaa yalikuwa yamewekewa mapaa makubwa ya kisasa kuyakinga.

Ipo simulizi kwamba malaika waliiendeleza kazi usiku. Naiheshimu, maana ni ya waumini. Lakini sifa ya mikono ya binadamu isipotee humo. Padri Mreno Francisco Álvares, aliyefika miaka ya 1520, aliogopa kwamba akiandika zaidi kuhusu makanisa hayo hataaminiwa.

Ibada zinaendelea humo hadi leo, na Krismasi ya Ethiopia, Januari 7, huleta mahujaji kwa maelfu. Fundi wa Singida atakayepata picha za Bete Giyorgis asiishie kwenye misalaba iliyochongwa juu ya paa. Aangalie na mifereji.